Kivuli Kwenye Nafasi Tupu



Mjomba wangu alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya wilaya. Nilipokuwa darasa la sita nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana, na nikisubiri vyombo nilikaa kwenye kigoda katikati ya rafu za majalada. Meza ya afisa ilibeba majalada kama kumi. Masjala ilikuwa na maelfu. Kila jalada jipya lilipoitwa, moja la zamani lilipaswa kurudi rafuni. Mjomba alikuwa na daftari refu ambamo kila jalada lililorudi alilipa namba ya mfululizo: 411, 412, 413. Siku moja afisa akaagiza jalada la kiwanja fulani. Mjomba akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akatazama mstari wa mwisho, kisha akaingia chumba cha ndani. Nikamsikia akisema: "Mzee, hili limetoka mezani kwako majalada sita tu yaliyopita. Naomba safari hii tulibakize, nirudishe lile la barabara, maana hujaligusa tangu juma lililopita."

Miaka mingi baadaye nilisoma msimbo wa kerneli ya Linux, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachogawa kumbukumbu na muda wa kichakataji. Katika faili moja liitwalo workingset.c nikamkuta mjomba, na daftari lake, na kidole chake. Mhadhara huu unahusu daftari hilo. Mashine haina budi kufukuza kurasa, na kwa hilo haina lawama. Swali langu ni kama inajua imemfukuza nani, na lini.

Kumbukumbu ya kompyuta imegawanywa vipande vinavyoitwa kurasa, na kwenye mashine nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4,096. Kompyuta ya mkononi yenye gigabaiti 8 ina nafasi ya kurasa zaidi ya milioni mbili. Hizo zinaonekana nyingi mpaka ufungue kivinjari. Kusoma kitu kilichomo kwenye kumbukumbu huchukua takriban sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Kukifuata kwenye diski inayozunguka huchukua kama sehemu moja ya mia ya sekunde, yaani mara laki moja zaidi. Diski za kisasa zisizozunguka zimepunguza pengo hilo sana, ila hazijalifuta. Kwa hiyo kerneli huweka karibu kila ilichokisoma diskini, kwa kutumaini kwamba kitatakiwa tena, na nafasi zinapojaa huchagua wa kutoka.

Uchaguzi huo una umri wa zaidi ya miaka sitini. Mashine ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyozinduliwa Desemba 1962, ilikuwa na kumbukumbu ya haraka ya kurasa 32, kila ukurasa maneno 512, na nyuma yake ngoma ya sumaku yenye nafasi kubwa zaidi. Tom Kilburn na wenzake waliipa programu ya kujifunza: iliandika kila ukurasa umekaa muda gani bila kuguswa, na mara iliyopita ulikaa muda gani, ikapima kama huu wa sasa umezidi desturi yake. Nawaheshimu sana watu wale. Walikuwa na kurasa 32, na bado waliona vyema kutumia sehemu ya mashine kuandika historia ya kila mmoja.

Mwaka 1966 László Bélády wa IBM alionyesha kwamba chaguo bora ni kuutoa ukurasa utakaochelewa kuliko wote kutakiwa tena. Jibu lile ni sahihi kabisa, na hakuna anayeweza kulitekeleza, maana linahitaji kuijua kesho. Miaka miwili baadaye Peter Denning akatupa wazo ambalo jina lake limebaki kwenye lile faili nililolitaja: kila programu, kwa kipindi fulani, ina kundi la kurasa inalofanyia kazi. Kundi hilo likienea kwenye kumbukumbu, programu inakwenda. Lisipoenea, mashine inatumia nguvu zake zote kuleta na kutoa kurasa, na kazi yenyewe haisogei. Hali hiyo naiita kutapatapa, kwa sababu mwenye kuzama ndivyo afanyavyo: mikono inakwenda kasi, mwili hauendi popote.

Sasa tuingie ndani ya Linux. Kwa miaka mingi kerneli hii imepanga kurasa za mafaili katika foleni mbili. Ukurasa mpya huingia orodha tulivu. Ukiguswa tena ukiwa humo, hupanda kwenda orodha hai. Usipoguswa, husukumwa mpaka mkiani na kutolewa. Mpango huu una hekima yake. Programu ya kunakili mafaili usiku husoma kila faili mara moja tu, na kama kila kinachosomwa kingepewa heshima sawa, asubuhi mngekuta kumbukumbu imejaa mabaki ya kazi ya usiku. Orodha tulivu ni kibaraza: mgeni hukaa hapo kwanza.

Kasoro ilikuwa kwenye ukubwa wa kibaraza hicho. Naomba karatasi na kalamu, tufuatane taratibu, maana hapa ndipo penye utamu wenyewe.

Chukueni kumbukumbu yenye nafasi kumi tu. Sita ni za orodha hai, nne za orodha tulivu. Zile sita zimekaliwa na kurasa za kazi ya asubuhi, ambazo hakuna aliyezigusa tena. Saa nane mchana programu mpya inaanza kuzunguka juu ya kurasa sita zake: A, B, C, D, E, F, kisha A tena. Nne za kwanza zinakaa barazani. E inapoingia, A inatoka. F inapoingia, B inatoka. Mzunguko unaanza upya na A inatakiwa: haipo. Inafuatwa diskini, na ili ipate pa kukaa, C inatoka. Inatakiwa B: haipo. Inaletwa, D inatoka. Kila ukurasa unafukuzwa hatua mbili kabla ya kuhitajika. Na kwa kuwa kupanda orodha hai kunataka kuguswa mara ya pili ukiwa bado ndani, hakuna hata mmoja unaopata kuguswa huko. Jirani yao nafasi sita zimekaliwa na kurasa za asubuhi zilizolala fofofo. Programu hii inaweza kuzunguka hivyo mpaka jua lizame, diski ikinguruma, na kila mara A inaporudi kerneli inaipokea kama mgeni ambaye haijawahi kumwona.

Kerneli haikuwa na njia ya kujua. Ukurasa ulipotoka, kila habari yake ilitoka nao.

Mwezi Juni 2014 toleo la 3.15 la Linux likatoka na kazi ya Johannes Weiner, ambaye alilipa kila faili daftari la mjomba. Kinachonivutia ni mahali alipoliweka. Kurasa za faili moja hufuatiliwa kwa mti wa vifundo, na kila kifundo kina vishubaka 64. Ukurasa ukiwemo kwenye kumbukumbu, kishubaka chake kina anwani yake. Zamani ukurasa ukitolewa, kishubaka kilifutwa, kikabaki tupu. Weiner akaona kwamba utupu ule ni nafasi ya bure. Badala ya kufuta anwani, kerneli sasa huandika hapo namba ndogo, na namba hiyo inaitwa kivuli. Anwani za kerneli zinazohifadhiwa humo daima huishia na biti ya sifuri. Kivuli huwekewa biti ya mwisho yenye moja. Kwa biti hiyo moja, anayefungua kishubaka anajua papo hapo kama amekuta ukurasa wenyewe au alama ya ukurasa ulioondoka. Hakuna jedwali jipya. Ukurasa unaporudi, unarudi kwenye kishubaka kilekile, na ujumbe wake uko hapo unaungoja.

Watafiti wa kabla yake walikuwa wamelikaribia wazo hili. Mfumo wa 2Q wa mwaka 1994 ulitunza foleni ya majina ya waliotolewa. Mwaka 2003 Nimrod Megiddo na Dharmendra Modha wa IBM walitangaza ARC, yenye orodha mbili za waliopo na mbili za waliotoka, ambazo kwa kawaida huitwa orodha za mizimu. ARC ilipendwa sana, mfumo wa mafaili wa ZFS uliichukua, lakini ilikuwa na pingu ya hataza: watunzi wa hifadhidata ya PostgreSQL waliiweka katika toleo la 8.0 la Januari 2005, na miezi michache baadaye wakaing'oa kwa hofu hiyo, wakarudi kwenye 2Q. Mwaka huohuo Song Jiang na wenzake walitoa CLOCK-Pro, ambayo nayo ilizikumbuka kurasa zilizotoka. Kuhusu majina, mimi napendelea kivuli kuliko mzimu. Mzimu unaweza kutokea popote. Kivuli kinakuonyesha mahali hasa pa kutazama.

Ndani ya kivuli mna nini? Kuna namba ya eneo la kumbukumbu ulimokuwa ukurasa, namba ya kundi la programu lililoutumia, biti moja nitakayoieleza baadaye, na sehemu kubwa iliyobaki ni usomaji wa kaunta. Kaunta hii haipimi saa. Huongezeka kwa moja kila ukurasa mmoja unapotolewa, na pia kila ukurasa mmoja unapopanda kutoka orodha tulivu kwenda hai, kwa sababu matukio yote mawili huwasogeza walio nyuma hatua moja kuelekea mkiani. Ni namba ya mfululizo ya mjomba.

Turudi kwenye karatasi yetu. A inapotoka, kaunta inasoma 100. Kivuli chake kinaandikwa 100, kaunta inakwenda 101. B inatoka na kivuli cha 101, kaunta inafika 102. Mzunguko unaanza upya, A inatakiwa. Kerneli inafungua kishubaka, inakuta kivuli, inatoa: 102 kasoro 100, mbili. Huo ndio umbali wa marejeo, na maana yake ni nyoofu: kama orodha tulivu ingekuwa na nafasi mbili zaidi, A isingepotea. Kisha linakuja swali la pili: nafasi mbili hizo zingeweza kupatikana wapi? Kwenye orodha hai tu, ambayo ina sita. Mbili haizidi sita. Basi A haikai tena barazani. Inapandishwa moja kwa moja, na mmoja wa wazee wa asubuhi anashushwa kwenye orodha tulivu. Umbali ungekuwa 50, kerneli ingejua kwamba hata kama ingewafukuza wote sita bado A isingetosha, na ingeiacha ipite kama msafiri.

Tazameni jinsi hukumu hii ilivyo na adabu. Mzee anayeshushwa hafukuzwi. Anawekwa barazani mahali ambapo, kama bado anahitajika, ataguswa na kupanda tena. Kama kweli amelala, foleni itamtoa. Kerneli haidai kuijua kesho ya Bélády. Inachofanya ni kuwaweka wawili kwenye uwanja mmoja, mmoja mwenye ushahidi wa kurudi haraka na mwingine mwenye ukimya wa muda mrefu, ikaacha matumizi yenyewe yaamue. Baada ya mizunguko michache kurasa zetu sita zimetulia ndani, na diski imenyamaza.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini wasitumie saa ya kawaida. Fikirini mashine ya ofisi iliyoachwa inawaka Ijumaa jioni. Ukurasa ulitolewa saa kumi na moja na dakika hamsini. Jumatatu saa mbili asubuhi unatakiwa. Kwa saa ya ukutani umekaa nje siku mbili na zaidi, na ungehukumiwa kuwa wa zamani. Lakini tangu utoke hakuna mwingine aliyetoka, maana hakuna aliyekuwa kazini. Kwa kaunta ya matukio, umbali wake ni mdogo mno. Msongamano wa foleni hupimwa kwa idadi ya waliopita, na mtu aliyewahi kupanga foleni ya hospitali anajua kwamba "nimekaa saa tatu" na "wamepita watu watatu" ni habari mbili tofauti kabisa.

Kumbukumbu ya kusahau nayo hula kumbukumbu. Vivuli vinakaa bure maadamu kifundo kina ukurasa hata mmoja ulio hai, kwa sababu kifundo hicho kingekuwepo vyovyote vile. Shida huanza kifundo kinapobaki na vivuli vitupu. Mtu akisoma mafaili makubwa mara moja na kuyaacha, huacha nyuma msitu wa vifundo visivyo na ukurasa. Kwa hiyo kerneli huviweka vifundo hivyo kwenye orodha yao, na vikizidi kiasi huvivuna. Hesabu iliyoandikwa kwenye maelezo ya msimbo huo ni kwamba, katika mashine za biti 64, vifundo saba hutosha kwenye ukurasa mmoja, na uvunaji huanza vivuli vinapofikia takriban asilimia 1.8 ya kumbukumbu iliyopo. Naona bei hiyo ni ya haki. Na ukurasa ambao kivuli chake kimevunwa, ukirudi, unapokelewa kama mgeni kweli; vilevile faili linapoondolewa zima kwenye kumbukumbu, vivuli vyake vyote huondoka nalo.

Kwa miaka kadhaa vivuli vilihudumia kurasa za mafaili peke yake. Kurasa zisizo na faili, yaani data ambazo programu imezitengeneza yenyewe na ambazo zikitolewa hupelekwa eneo la diski liitwalo swapu, zilipata huduma hiyo katika toleo la 5.9 la mwaka 2020, kwa kazi ya Joonsoo Kim.

Niliahidi kuieleza ile biti moja. Toleo la 4.20, mwaka 2018, liliongeza kwenye kivuli jibu la swali hili: ukurasa huu ulipotolewa, ulikuwa miongoni mwa wanaofanya kazi, au ulikuwa mgeni wa barazani? Marejeo mawili yanaweza kuwa na umbali uleule na maana tofauti. Akirudi mgeni wa barazani, huenda programu inahama tu kutoka kundi moja la kurasa kwenda lingine, na uhamaji huo una mwisho. Akirudi aliyekuwa mfanyakazi, maana yake tumeanza kuwafukuza watu tunaowahitaji, kumbukumbu haitoshi, na huo ndio mwanzo wa kutapatapa. Toleo lilelile lilileta kipimo cha shinikizo, kinachoeleza ni asilimia ngapi ya muda programu zimesimama zikisubiri kumbukumbu, na muda wa kuusubiri ukurasa wa aina hii ya pili unaingizwa kwenye hesabu yake.

Jambo hili liko mifukoni mwenu. Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux, na simu nyingi za bei nafuu tunazotumia zina kumbukumbu ndogo. Zikibanwa, kuna programu ndani yake inayoamua ni ipi kati ya zilizofunguliwa izimwe. Katika matoleo ya karibuni programu hiyo husoma kipimo cha shinikizo, na pia huhesabu marejeo ya kurasa za mafaili kama asilimia ya kurasa zote za mafaili zilizomo. Mara nyingine unapouacha ujumbe uliokuwa ukiuandika ukapokee simu, ukirudi ukakuta programu inaanza upya, ujue vivuli vilikuwa miongoni mwa mashahidi waliosikilizwa kabla ya uamuzi huo.

Nimalizie na mashine moja niliyoitunza mwenyewe, ya chuo kimoja. Kila siku mchana ilikuwa nzito, na wakubwa walikuwa tayari kuagiza kumbukumbu zaidi kwa fedha ambazo hazikuwepo. Nilifungua faili la /proc/vmstat, ambalo kila mwenye Linux anaweza kulisoma, nikafuata mistari mitatu kila baada ya dakika moja. Workingset_refault_file, idadi ya marejeo ya kurasa za mafaili, ilikuwa ikipanda kwa maelfu. Workingset_activate_file, wale waliorudi kwa umbali mfupi wakapandishwa, ilisogea kidogo sana. Workingset_restore_file, wafanyakazi waliofukuzwa wakarudi, ilikuwa karibu imesimama.

Nilikaa nikiitazama mistari ile mpaka ikaeleweka. Kurasa zilikuwa zinarudi, lakini kutoka mbali, na hakuna mfanyakazi aliyekuwa amefukuzwa. Kulikuwa na kitu kinachosoma mkusanyiko mkubwa wa mafaili, kikimaliza, kikianza upya. Nikakitafuta nikakipata: programu ya kunakili iliyopangwa kuamka kila saa badala ya kila usiku. Ilikuwa ikiichosha diski kwa kurasa ambazo kerneli, kwa haki kabisa, ilikataa kuzipandisha. Nikaihamishia saa nane usiku. Kesho yake mchana nikafungua faili lilelile, nikahesabu dakika kumi kwa saa ya mkononi. Mstari wa marejeo ulikuwa umeongezeka kwa 14.